Strungi yenye gesi

Mniwie radhi kwa kupotea. Mara ya mwisho niliandika hapa juu ya kuhamisha hifadhidata kuukuu bila kupoteza data, nikaahidi kwamba sehemu ya pili ingefuata wiki moja baadaye. Wiki zimefuatana nyingi tu na sehemu ya pili haijafika. Leo pia haifiki. Leo nataka tuzungumze juu ya chai. Tafadhali msikimbie. Ndani yake mna kompyuta kidogo, mna kemia kidogo, na mna jambo moja ambalo nilimficha mama yangu kwa miezi minne.

Kwa walio wageni hapa, mimi huandika programu na naishi Tassia, huku Embakasi, Nairobi. Ghorofa ya tano, unapanda kwa miguu. Dirisha la jikoni linatazama kamba za nguo za jirani, nyuma ya nguo kuna ukuta wa jengo lingine, na juu ya ukuta kuna kipande cha anga ambamo ndege hupita zikienda kutua uwanja wa Jomo Kenyatta. Meza yangu ya kazi iko kati ya friji na mlango. Hapo ndipo nilipokuwa nimeketi Ijumaa moja mwaka jana tulipoitwa kwenye mkutano wa ghafla wa video. Ulichukua dakika kumi na moja. Tulikuwa watu tisa. Tulishukuriwa sana kwa mchango wetu, na ilipofika saa kumi na moja jioni nywila zetu zote zikawa hazifungui kitu.

Wiki iliyofuata mtu wa bodaboda akanipigia simu kwamba yuko chini getini. Alikuwa ameleta mfuko wa kuagana kutoka kwa kampuni: daftari, kikombe chenye nembo, na chupa ya kioo kizito yenye kizibo kilichofungwa kwa waya kama cha shampeni. Nikasoma lebo kwa sauti: chai isiyo na maziwa, viungo, gesi, haina pombe. Mke wangu alikuwa akikata sukuma wiki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani wamekufuta kazi, halafu wakakupa strungi?"

Tulicheka hadi mtoto akaamka. Halafu tukaacha kucheka.

Kwa wasomaji walio nje ya Kenya, strungi ni chai ya rangi, yaani chai bila maziwa. Hapa Nairobi ukisema "chai" tu, umesema maji, maziwa, majani na sukari vilivyochemshwa pamoja kwenye sufuria moja mpaka vikataka kumwagika. Strungi ni kile kinachobaki maziwa yakikosekana. Ni chai ya tarehe 25 ya mwezi. Mgeni akija ukampa strungi bila kueleza, amekwisha kujua habari zako zote. Nilipokuwa shule ya msingi kijijini, mtoto aliyekuja na strungi kwenye chupa alikunywa akiwa amegeukia ukuta.

Lakini nilipokuwa kazini nilikuwa na mwenzangu mmoja kutoka Mombasa aliyeshangazwa sana na jambo hili. Kwao, aliniambia, chai ya rangi ndiyo chai yenyewe. Inatiwa tangawizi, iliki, mdalasini, na mgeni anaandaliwa kwa heshima zote. Ukitaka ile nyingine ndipo unataja: chai ya maziwa. Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili wana neno zuri kwa jambo kama hili, nalo ni chaguo-msingi: kile ambacho mashine inakupa usipotaja kitu. Bara chaguo-msingi ni maziwa, Pwani ni rangi. Majani yanaweza kuwa yametoka kwenye gunia moja. Wakati ule niliona ni mzaha mzuri wa kazini, nikausahau.

Chupa nikaiweka juu ya friji. Nilisema tutaifungua siku nitakapopata kazi nyingine.

Sasa, mwezi wa kwanza bila kazi si mbaya. Una akiba kidogo, unaamka saa mbili, unajifunza lugha mpya ya programu, unawaambia watu kwamba umeamua kupumzika. Mwezi wa pili tulipunguza kasi ya intaneti. Mwezi wa tatu maziwa ya pakiti yakawa ya uji wa mtoto pekee, na sisi wawili tukahamia kwenye strungi, asubuhi na jioni. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. "Kazi inaendeleaje?" Nami najibu, "Vizuri, mama." Sikumwambia. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa majani chai, na niliona kama ningekuwa namrudishia karo yake ikiwa imechanwa.

Hapa lazima nieleze. Kwetu ni Gatanga, kaunti ya Murang'a, kwenye miinuko ya baridi inayopakana na msitu. Mama ana shamba dogo la chai. Huchuma majani mawili na kichipukizi, anayapeleka kituo cha kununulia, yanapimwa, lori linayachukua kwenda kiwandani. Wakulima wadogo kama yeye wamekuwa chini ya mpango wa KTDA ulioanza 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, ingawa chai yenyewe ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa zao la wazungu na makampuni. Wanalipwa kidogo kila mwezi, kisha wanangoja bonasi mara moja kwa mwaka. Karo yangu ya sekondari ilikuwa bonasi. Kompyuta yangu ya kwanza, iliyotumika na mtu mwingine kabla yangu, ilikuwa bonasi.

Basi jioni moja ya mwezi wa tatu stima zikapotea mtaa mzima. Mtoto alikuwa amelala. Tulikuwa na mshumaa na hatukuwa na habari yoyote njema. Mke wangu akasema, "Ile chupa tuifungue. Kazi itakuja kuikuta tupu." Alikuwa ameiingiza kwenye friji siku kadhaa kabla bila kuniambia, kwa hiyo bado ilikuwa baridi.

Nitajaribu kueleza ladha yake jinsi nilivyoipata. Kwanza ni mchomo wa gesi kwenye ncha ya ulimi. Kabla mchomo haujaisha tangawizi inaingia, na huwezi kujua gesi imekomea wapi na tangawizi imeanzia wapi. Kisha karafuu, inayopanda puani. Sukari ni kidogo sana. Nikadhani imekwisha hapo. Lakini nilipomeza, ikabaki chai. Ukakasi kwenye pande za ulimi, ule unaokausha kinywa kidogo, na nyuma yake harufu niliyoifahamu vizuri lakini sikukumbuka ni ya nini. Nilikunywa funda la pili, nikalishika kinywani, nikajua. Ni harufu ya kiwanda cha chai usiku, majani yanaponyaushwa. Tulipokuwa watoto, upepo ukigeuka, ilikuwa inatufikia tukiwa kitandani. Nikaichukua lebo nikaiangalia kwa mwanga wa simu. Ilisema majani yametoka Kenya. Haikusema wapi.

Nilikuwa nimekunywa strungi mwezi mzima na sikuwa nimeisikia harufu hiyo hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nikiinywa kama adhabu.

Asubuhi yake nilifanya kile ambacho mtu wa programu hufanya akiona kitu kinafanya kazi na hajui kwa nini. Nilisoma. Kumbe ule mchomo wa gesi hautokani na mapovu. Gesi ya kaboni dioksidi ikikutana na maji ya kinywani hugeuka kuwa asidi hafifu, na asidi hiyo ndiyo inayochoma. Mwaka 2013 watafiti wa Monell Chemical Senses Center huko Philadelphia waliwanywesha watu maji yenye gesi ndani ya chumba chenye mgandamizo mkubwa wa hewa, ambamo mapovu hayawezi kutokea, na watu wakahisi mchomo ule ule. Ukali wa tangawizi nao si ladha kama chumvi au sukari. Unapokelewa na mishipa inayotupa habari za joto na maumivu, na gesi pia inabisha hodi kwenye mishipa ya namna hiyo. Ndiyo maana sikuweza kuvitenganisha. Ni programu mbili zinazoandika kwenye faili moja.

Nikatafuta bei ya ile chupa mtandaoni. Shilingi mia tisa. Si wao peke yao walio katika biashara hii: huko Copenhagen, Denmark, kuna kampuni iliyoanza 2017 ambayo inauza chai yenye gesi kwenye chupa za mvinyo, na watu wanaiandaa mezani mahali pa shampeni. Nikajiambia, hapa jikoni kuna majani ya chai, kuna tangawizi, na muda ninao mwingi kuliko wakati wowote tangu nizaliwe. Kwa nini nisiipike mwenyewe?

Wenzangu wa programu mnaukumbuka waraka wa Aprili mosi 1998, uliotungwa na Larry Masinter kwa mzaha, unaoeleza jinsi ya kuamuru birika la kahawa kupitia mtandao. Humo ndimo ilimotoka ile hitilafu namba 418, buli linapoagizwa lipike kahawa nalo likajibu, "Mimi ni buli." Mwaka 2014 ukaongezewa waraka wa pili, wa chai. Ule wa kwanza una orodha ya vitu unavyoweza kuomba viongezwe: maziwa, shira, viungo, hata pombe. Gesi haimo. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nikafungua faili, nikaanza kuandika matoleo.

Toleo 0.1. Nilichemsha majani kama kawaida, nikatia masala ya chai ya unga, nikaacha ipoe, nikaiweka kwenye friji, kisha nikamimina maji ya soda ya dukani. Ilifura ikapanda mpaka kwenye meza, na kilichobaki ndani ya glasi kilikuwa na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Hitilafu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni unga. Gesi iliyomo majini hutafuta mahali pa kujishikiza ili iwe povu, na kila chembe ya unga wa viungo ni mahali hapo. Ya pili ni ule ukungu. Chai kali ikipoa, kafeini hushikana na zile kemikali zinazoipa chai rangi na ukakasi, zikawa chembe zisizoyeyuka. Kadiri chai inavyokuwa nzito ndivyo inavyochafuka ikipoa.

Toleo 0.2. Niliacha maji ya soda, nikajaribu kutengeneza gesi mwenyewe kwa hamira. Chai yenye sukari, hamira kidogo mno, chupa ya plastiki, funika, ngoja. Hamira hula sukari ikatoa gesi. Inatoa pia pombe kidogo, jambo ambalo litatusumbua baadaye. Nilisoma kwamba baada ya siku moja chupa ikiwa ngumu unapaswa kuihamishia kwenye friji ili hamira ilale. Nilisahau. Siku hiyo nilikuwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya video. Nilipokuwa nikieleza jinsi ninavyohakikisha mifumo haianguki, chupa ikalipuka nyuma yangu. Kazi sikupata. Sisemi ni kwa sababu ya chupa. Angalau ilikuwa ya plastiki. Naomba yeyote atakayejaribu njia hii asitumie kioo kamwe.

Toleo 0.3. Nilirudi kwenye maji ya soda, safari hii bila unga. Tangawizi iliyopondwa, iliki, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu, punje za pilipili manga, vyote vizima, nikavichemsha na sukari kidogo mpaka ikawa shira nyepesi, nikachuja kwa kitambaa. Haikufura. Lakini chai yenyewe ilikuwa butu na nyeusi kama wino, na juu yake kulikuwa na utando. Nilibadili majani, ikawa vile vile. Nikabadili kiasi, vile vile. Siku nzima nilikuwa natafuta hitilafu kwenye msimbo wangu, kumbe iko kwenye mashine. Ilikuwa ni maji.

Jengo letu lina bomba mbili. Moja ni ya kisima kilichochimbwa uani, na inatoka kila siku. Nyingine ni ya jiji, na inatoka siku mbili kwa wiki ikiwa imeamka vizuri. Maji ya kisima yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu, na yana asili ya magadi. Chai huogopa magadi. Ukiitia ndimu inang'aa na kuwa nyekundu, ukiitia magadi inakuwa nyeusi na kunyong'onyea. Maji ya soda nayo mengine yametiwa magadi, kwa hiyo soma lebo, ununue yale yenye maji na gesi tu.

Nikangoja Alhamisi, maji ya jiji yalipotoka, nikajaza madumu mawili kwa ajili ya chai peke yake. Maji hayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika miaka ya 1990, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Na Ndakaini iko wapi? Gatanga. Kutoka shambani kwa mama ukitazama bondeni siku isiyo na ukungu unaliona linang'aa. Mvua ile ile inayonyeshea majani yake ndiyo inayoteremka hadi kwenye bomba langu huku Tassia, Alhamisi na Jumapili, ikipenda. Nilikaa na dumu lile jikoni kwa muda bila kufanya chochote.

Toleo 0.4 lilikuwa la majani yenyewe. Chai yetu nyingi husagwa kwa njia ya CTC, iliyobuniwa Assam, India, mwaka 1930: majani hupitishwa kati ya mitambo yenye meno, yakapondwa, yakachanwa, yakaviringishwa kuwa chembe ndogo. Chembe hizo hutoa rangi na nguvu haraka sana. Ni chai iliyotengenezwa kupambana na maziwa. Protini za maziwa huushika ule ukakasi na kuufunga, kwa hiyo unahitaji chai yenye nguvu ya kutosha kupenya. Ukiyaondoa maziwa halafu ukapika kwa nguvu ile ile, unapata strungi ya kukunja uso. Tulikuwa tukiondoa kitu kimoja kwenye mfumo bila kurekebisha kingine, halafu tunalaumu kilichobaki. Wataalamu wanaoonja chai wana kiwango cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa 1980: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika sita. Hicho ni cha kulinganisha chai, si cha kustarehe. Mimi niliacha moto kabisa. Nililoweka majani kwenye maji baridi ndani ya friji usiku kucha. Maji baridi hayatoi kafeini na ukakasi mwingi kama maji moto, na asubuhi chai ilikuwa safi kabisa, unaona kidole upande wa pili wa glasi.

Hivyo tukafika toleo 1.0, nalo ni hili. Gramu 8 za majani, kama vijiko vitatu vidogo, kwenye mililita 350 za maji mazuri, saa kumi ndani ya friji, kisha chuja. Shira ya viungo vizima vijiko vikubwa vitatu. Tone la ndimu. Kila kitu kiwe baridi sana, kwa sababu maji yanayokaribia kuganda hushika gesi takriban mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Mwisho mimina mililita 350 za maji yenye gesi, polepole, ukiinamisha chombo. Usikoroge. Mke wangu alionja akasema imeipita ile ya chupa. Jirani wa mlango wa pili alionja akauliza kama inauzwa.

Jumamosi ya mwezi wa nne mama akapiga simu saa nne asubuhi. "Baba, niko stejini. Nije kwa mguu au kuna pikipiki?" Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la babake, kwa hiyo huniita baba. Hakuwa amesema anakuja.

Nilishuka kumpokea huku akili ikizunguka. Nyumbani hakukuwa na maziwa. Mtoto alikuwa amemaliza ya mwisho. Kukopa kwa mama wa kibanda kungewezekana, lakini tulikuwa na deni pale tayari. Na nikimpa mama yangu strungi, ninajua na yeye anajua. Nikiwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu nikapata wazo ambalo sijivunii. Friji ilikuwa na toleo 1.0. Nitampa lile. Kwa glasi ndefu, na kipande cha ndimu. Hatajua ni strungi. Atadhani mambo yameninyookea kiasi kwamba sasa nakunywa vitu vya kigeni.

Aliketi, akavua skafu, akaitazama glasi. "Hii ni nini?"

"Ni chai, mama."

"Chai baridi?"

"Baridi. Ina gesi."

"Haina pombe?" Mama ni mtu wa kanisa. Nilimshukuru Mungu kwamba toleo la hamira lilikuwa limelipuka.

Akanywa kidogo. Akafumba jicho moja. Akanywa tena, taratibu, akiwa ametazama dirishani kwenye zile nguo za jirani. Kisha akasema, "Hii ni strungi. Umeivalisha suti."

Mke wangu akaingia jikoni ghafla kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nilikaa. Nikamwambia mama yote: Ijumaa ile, dakika kumi na moja, miezi minne. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Ulikuwa ukinitumia elfu tatu. Ukatuma elfu moja. Halafu ukatuma salamu. Ulifikiri mimi sijui hesabu?" Akavuta kikapu chake, akatoa kidumu cha lita tatu. Maziwa ya ng'ombe wake, ya asubuhi hiyo. Na pakiti mbili za chai kutoka kiwandani.

Basi tukapika chai ya kawaida, ile ya kumwagika. Lakini alimaliza glasi yake kwanza, akataka kujua nimeipikaje, na ile ya chupa iliuzwa bei gani. Nilipomwambia mia tisa, tukapiga hesabu pamoja nyuma ya daftari la kampuni. Chupa moja, gramu 8 za majani makavu. Kilo moja ya makavu hutoka kwa kilo nne na zaidi za mabichi. Kwa hiyo chupa nzima ni kama gramu 35 za majani aliyochuma yeye. Kwa malipo yake ya kila mwezi ya shilingi ishirini na kitu kwa kilo, haifiki shilingi moja. Ukiongeza bonasi, labda mbili. Alilitazama lile daftari kwa muda, akauliza, "Na hizo nyingine mia nane tisini na nane ni za kioo?" Sikuwa na jibu, na bado sina, ingawa najua kwamba kuna usafiri, kodi, nembo na duka.

Nilimuuliza ile harufu ameipata. Akasema ameipata. Akasema miaka arobaini amechuma majani na hajawahi kukaa chini akainywa bila maziwa akiwa na hiari. Siku alizoinywa hivyo zilikuwa ni siku ng'ombe amekufa, au sisi tumefukuzwa karo. "Mtu hawezi kusikia utamu wa kitu akiwa na mawazo," alisema. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta kwenye matoleo yote yale.

Sijapata kazi ya kudumu. Nina vibarua viwili vya programu, kimoja kinalipa kwa wakati. Maziwa yamerudi nyumbani, lakini jioni sisi wawili hunywa ya rangi, moto au yenye gesi, na mgeni akija tunamuuliza anataka ipi. Jumapili iliyopita mama alipiga simu kama kawaida. Kabla ya kukata akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Jana jioni nilikunywa moja bila maziwa. Ng'ombe yuko, usifikiri."

Haya, wapendwa. Mkijaribu toleo 1.0 mkapata hitilafu, niambieni mlitumia maji gani kabla ya kuniambia kitu kingine chochote. Na ile sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja. Safari hii ni kweli.